Maji Moto Kwenye Bustani ya Mama

Kaka yangu anauza dawa za wadudu. Ana duka Masasi mjini, limejaa chupa zenye picha ya fuvu, na tangu nimfahamu, yaani tangu nizaliwe, hajawahi kumwona mdudu akamwacha apite. Mimi ni fundi cherehani. Nilirudi kwa mama yetu Newala baada ya ndoa yangu ya kule Nanganga kuvunjika, nikaja na cherehani, sufuria tatu na hasira. Sufuria moja imeshatoboka. Hasira bado nzima.

Baba yetu alikuwa mtu wa mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga, kwenye mikorosho. Kila msimu alipuliza mikorosho yake, ya shemeji zake, na ya yeyote aliyemwita, na kinga yake ilikuwa kitambaa alichokifunga puani, siku nyingine hata hicho alikisahau. Alikufa kwa kifua. Mama, ambaye miaka yote alikuwa akimfuata nyuma na mfuko wa salfa kichwani, akabaki na kifua chake mwenyewe, kinachopiga filimbi akipanda ngazi mbili tu za mlangoni.

Lakini mama ana bustani. Iko nyuma ya nyumba, haifiki hata robo ya uwanja wa mpira, na humo kuna nyanya, bamia, mbilingani, mchicha na kunde. Anaimwagilia maji ya mvua ya kwenye tangi pamoja na yale tuliyooshea vyombo, maana kwetu huku juu ya mlima maji ni shida, ukiyamwaga ovyo watu watasema umechanganyikiwa. Asubuhi anabeba kigoda chake anakaa katikati ya mboga, anazisimanga. "We mbilingani, mwezi wa pili huu, aibu huoni?" Anashinda humo mpaka jua limchome, na nikimwita chakula anaitika kama nimemkatiza kwenye mkutano.

Mwaka juzi wadudu walimzidi. Akachukua chupa aliyopewa na kaka, akakoroga dawa kwenye ndoo, akachovya fagio la chelewa na kuanza kurashia mboga kama anabariki waumini. Tulimlaza hospitali siku tatu. Nesi alikuwa mtu wa maneno ya wazi. "Bibi," alisema, "dawa basi. Ukiivuta tena tutakuzika, na mimi sitaki kazi hiyo."

Ndipo kaka akakata shauri lake. Bustani ya mama ilikuwa haiendi bila dawa, na mama akipata dawa anakufa, kwa hiyo mama aache bustani ashuke Masasi akakae kwake. Mama alilia. Sijawahi kumwona analia hivyo, hata kwenye msiba wa baba alijitahidi. Masasi hana shamba, hana jirani wa kugombana naye, hana chochote; kwake kuhamia huko ni kufa kwa awamu.

"Mimi nitailima bila dawa," nikasema.

Kaka akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe? Wewe uliyeua mchicha wa kwenye kopo?"

"Mimi."

"Haya. Mwezi wa nane nakuja. Nikikuta mboga zimeoza, mama anapanda gari. Na nikisikia mmetumia dawa hata tone, anapanda gari siku hiyohiyo." Aliyesema hivyo ni muuza dawa, na hata hakucheka.

Ukweli ni kwamba nilisema kwa jeuri. Sikujua lolote. Mwezi wa kwanza nilikuwa natembea na kopo naokota viwavi kwenye nyanya kwa mkono, na kila nikiokota mmoja naona wawili wameshatoboa tunda jingine. Usiku naota viwavi. Nikawa nashona gauni la mteja huku najikuna.

Mama ndiye aliyenifungua macho, na alifanya hivyo akimsengenya marehemu mumewe.

"Unauona mkorosho ule wa karibu na choo? Baba yenu hakuwahi kuupuliza hata mara moja."

"Kwa nini?"

"Una maji moto."

Maji moto ni sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mti yakawa viota vya mviringo. Wameitwa hivyo kwa sababu wakikung'ata utadhani mtu amekumwagia birika. Watu wa korosho tunawajua sana na kuwalaani sana, hasa wakati wa kuokota.

"Mwanamume aliyekuwa anawafokea hadi wenyeviti wa kijiji," mama akaendelea, "akifika kwenye mkorosho ule anapita mbali kama ana deni. Na ndio uliokuwa unatoa korosho safi, hazina doa. Wale hawaachi mdudu aguse mti wao. Sasa sijui wanajua kula na viwavi wa nyanya?"

Kesho yake nikaenda kuwaalika. Nilivaa koti la mvua la marehemu na gambuti, nikajipaka majivu mikononi hadi kwapani, maana sisimizi hawapendi majivu, nikaweka ngazi, nikakata tawi lenye kiota na kulisukumia kwenye gunia. Gunia lilikuwa na tundu. Sikumaliza hatua kumi. Koti likatoka, dera likatoka, nikawa nyuma ya choo nimebaki na gagulo, najikung'uta na kutukana kila aliyewahi kupanda mkorosho Tanzania hii, ndipo mke wa jirani akapita uani kuja kuazima kinu.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," nikajibu. Ulitaka niseme nini?

Hata hivyo kiota kilifika kwenye mbilingani. Kufika kilifika, lakini nilifanya kosa ambalo mtu wa hapa pekee ndiye angelifanya, yaani mtu aliyekulia chini ya mikorosho akadhani anaijua. Niliona sisimizi ni wachache, nikaenda kuomba kiota cha pili kwenye mkorosho wa jirani. Kwangu maji moto walikuwa maji moto tu. Nikakiweka kando ya kile cha kwanza, nikasimama nimeshika kiuno kusubiri waungane.

Haki ya Mungu, vita niliyoiona! Walikamatana vichwa, wakavutana miguu, watatu kwa mmoja, mpaka ardhi chini ya mbilingani ikawa nyekundu kwa maiti. Viwavi walikuwa juu wanakula kwa raha zao. Mama alicheka mpaka kifua kikaanza filimbi nikamkataza kucheka.

"Huo ni ukoo mwingine," akasema alipopata pumzi. "Umewaleta kwa watu bila barua, bila mshenga, ulitaka wapokewe kwa vigelegele?"

Tukaanza upya, safari hii kwa adabu. Viota vyote vikatoka kwenye mkorosho wetu wa karibu na choo. Nikafunga kamba ya katani kutoka tawi la mkorosho hadi kwenye miti ya kuegemezea nyanya, na nyingine hadi kwenye mbilingani, ili wawe na njia ya kwenda na kurudi kwao. Siku ya kwanza walinusa kamba wakarudi. Siku ya pili wakapita wawili. Ilipofika wiki kamba ilikuwa na foleni, wanaokwenda upande wa juu, wanaorudi upande wa chini, na sikuona trafiki.

Asubuhi moja nikawakuta saba wamembeba kiwavi mnene wa kijani, bado anafurukuta, wanampandisha kwenye kamba kuelekea mkoroshoni. Nilifurahi jamani, furaha ya kishetani kabisa. Nikamwita mama aje aone, akaja na kigoda, akakaa akamsindikiza yule kiwavi kwa macho mpaka akaingizwa kiotani. "Salamu kwa wenzio," akamwambia. Baada ya hapo nyanya zikaanza kuiva zikiwa nzima. Mama akitaka kuchuma alilowesha majivu akajipaka viganjani, akagonga mti kwanza kupiga hodi, na wakimng'ata mmoja mmoja alisema ni kodi.

Basi nikajiona profesa. Nikaanza kuwashauri watu kwenye foleni ya bomba la maji bila kuulizwa.

Bamia zikanishusha. Majani yalianza kujikunja, na nilipoyageuza nikakuta chini yamejaa vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu, wamebanana kama ufuta. Na maji moto wangu, walinzi wangu, walikuwa wamesimama pembeni yao wametulia, wanawapapasa mgongoni na kunywa ule utamu unaowatoka. Mdudu mwingine akisogea wanamfukuza. Walikuwa wanafuga!

"Kama viongozi wa ushirika tuliowahi kuwa nao," mama akasema. "Wanakulinda na mwizi wa nje ili wakukamue vizuri wenyewe."

Juu ya hao vidukari nikaona na wadudu wengine, weusi, warefu kidogo, wenye miiba na madoa ya njano, sura mbaya kuliko zote nilizokutana nazo humo. Nikasema hawa ndio wenyewe, ndio wakubwa wa uovu. Nikawa nawaponda kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, kwa hasira zote za Nanganga.

Afisa ugani wa kata, binti mwenye pikipiki kubwa kuliko yeye, alikuwa anapita kutazama mikorosho ya watu. Akaniona kutoka njiani, akazima pikipiki. "Shikamoo mama. Samahani, unaponda nini?"

"Marahaba. Naponda majambazi."

Akaja akatazama kidole changu. "Tobaa! Mama, hao ndio wanaokula vidukari! Hao ni watoto, wakikua wanakuwa wale wa mviringo, wekundu, wenye madoa meusi mgongoni. Umeua wangapi?"

Nilikuwa nimeshinda kwenye dhambi hiyo siku nne. Wale wekundu nawajua tangu utoto, tulikuwa tunawatembeza mkononi mpaka waruke, lakini nani angedhani kidudu kizuri vile kina mtoto mwenye sura ile?

Binti akatuelekeza. Maji moto wabaki kwenye nyanya na mbilingani, wasipande bamia, kwa sababu wanawafukuza wale wenye madoa. Nikaenda kwa fundi pikipiki kuomba grisi chakavu, nikafunga vipande vya nailoni kwenye kila shina la bamia na kuvipaka grisi juu yake, nikapunguza majani yaliyogusana na mimea ya pembeni. Sisimizi wakafika pale, wakakanyaga, wakarudi wanajipangusa miguu. Ndani ya wiki mbili wale wenye madoa walikuwa wamerudi, na watoto wao wabaya, na mimi nikiwapita nawaomba radhi kwa sauti.

Jambo la mwisho alilotuambia binti ndilo lililomuudhi mama. Alisema tuache mstari mmoja wa kunde, ule wa mwisho karibu na uzio, uwe na vidukari wake, tusiuguse, ili wale wenye madoa wasikose chakula wakahama.

"Niwalimie wadudu?" mama akauliza.

"Kidogo tu, bibi."

"Basi wafundishe na kuazima chumvi."

Lakini aliuacha. Baada ya muda nikawa namkuta kigoda chake kipo hapohapo kwenye mstari ule, anageuza majani kwa ncha ya fimbo, ananiambia leo wenye madoa ni wangapi kwenye shina lipi. Alikuwa anapumua vizuri. Alinenepa mashavuni. Majirani wanapopuliza salfa alfajiri nilimfungia ndani na kanga mbichi puani, na jua likipanda hewa ikitulia alikuwa wa kwanza kutoka. Nilianza kuamini kwamba tumeshinda, na nilihesabu siku za kaka kuja kwa hamu ya kumcheka.

Kaka alisema mwezi wa nane. Akaja mwezi wa saba, bila simu, siku ambayo mama alikuwa amekwenda msibani kitongoji cha pili na mimi nimekwenda sokoni kutafuta zipu. Alikuwa anasambaza dawa kwa wateja wake, na bomba la kupulizia lilikuwa kwenye gari. Akapita uani hadi bustanini. Cha kwanza kukutana nacho ni ule mstari wa kunde karibu na uzio, majani meusi kwa vidukari.

Niliporudi nilisikia sauti ya bomba kabla sijafika, shwii, shwii, na harufu ikanipiga usoni. Kaka alikuwa amesimama kati ya nyanya na kunde, bomba mgongoni, mguu mmoja wa suruali umekunjwa hadi gotini, ngozi imejaa vipele.

"Unafanya nini wewe?" Hata shikamoo sikumpa.

"Nawasaidia. Bustani yenu ilikuwa inakufa hii, huoni kunde zile? Halafu hawa maji moto wamewavamia mpaka kwenye nyanya, wameniingia hadi kwenye mapaja. Nimeanza nao." Akaonyesha kwa mkono. Chini ya kila kamba sisimizi walikuwa wameanguka, na viota vilikuwa vinadondosha dawa. "Tulia, mdogo wangu. Mama hatajua. Mpaka arudi itakuwa imekauka, atakuta mboga zake nzuri, hakuna wa kulia."

"Na gari je? Si ulisema tone moja tu anapanda gari?"

Alikuwa anatazama nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba. Moshi wa majiko ya msibani ulikuwa umemsumbua akaamua kurudi mapema. Alishika nguzo. Alifungua mdomo aseme kitu, kikatoka kikohozi, halafu kikatoka kitu ambacho si kikohozi, ile filimbi, lakini nyembamba, halafu hata filimbi ikakata. Midomo ikageuka rangi.

Niliogopa. Nimeachwa, nimezika, nimelala njaa, sijawahi kuogopa vile. Kaka alitupa bomba chini, akavua shati lenye dawa, akambeba mama mikononi kifua wazi mpaka kwenye gari, na mimi nikakaa nyuma nimempakata kichwa, namwambia pumua mama, pumua, kana kwamba alikuwa amesahau.

Hospitali walimfunika puani kile kikombe cha mvuke. Sisi tukatolewa nje kwenye korido. Nikavua kandambili nikampiga kaka yangu mgongoni, mtu mzima ana wajukuu, nikampiga mpaka kandambili ikakatika kamba. Hakujikinga.

"Nimemuua mama," akasema.

"Bado," nikamwambia. "Ila umejitahidi."

Tukaanza kucheka wote wawili, kicheko kibaya kile cha kulia, na nesi akatoka akatuambia kama tunataka kucheka twende sokoni.

Kesho yake jioni wakamruhusu. Kwenye gari kaka alisema kwa sauti ndogo, "Mama, tupitie nyumbani tuchukue nguo zako, tushuke." Mama alisema anataka kuona nyanya zake kwanza.

Hatukumruhusu kusogelea bustani, dawa ilikuwa bado inanuka. Alikaa barazani mbele, upande upepo unakotokea, akaagiza kama jemadari. Kaka aling'oa mstari wote wa kunde akaenda kuufukia mbali, akakata kamba, akakusanya viota, akang'oa na nyanya zote zilizopata dawa, nusu ya mstari. Mambo yake ya dukani yalikuwa yanamwita kwenye simu, hapokei. Alilala kwenye mkeka sebuleni. Siku ya nne mama akahamia mlango wa nyuma. Siku ya sita nikageuza jani la mbilingani nikakuta viwavi, wadogo, wengi, wanajua kabisa kwamba mlinzi hayupo.

"Mama," kaka akaanza, "unaona mwenyewe. Tusidanganyane."

"Umewaua vibarua wangu," mama akamjibu. "Kazi yao nani anaifanya? Chukua kopo hilo, baba."

Akachukua kopo. Mwenye duka la chupa za fuvu akainama kwenye mbilingani, anaokota viwavi mmoja mmoja kwa vidole, jasho linamtoka, na mama mlangoni anamwelekeza kwa fimbo: geuza jani, hapo chini, umemruka, yule pale. Niliacha cherehani nikakaa nimtazame vizuri.

Alifika mstari wa tatu akanyoosha mgongo. "Mama, huku ni kujitesa tu. Kule kwangu usingegusa chochote. Nimekuandalia chumba chenye dirisha, feni, kila kitu. Ungekaa tu."

"Nifanye nini?"

"Usifanye chochote, mama. Upumzike."

"Anayepumzika ni baba yako," mama akasema.

Kaka akaweka kopo chini. Kisha akatoa simu akampigia mkewe, na nikamsikia akimwambia kile kitanda kipya walichomchongeshea mama wawape watoto walalie.